Walimcheka Mama, na mimi nikacheka nao

Jumatano. Ukungu haukuinuka mpaka saa tano, na hata ulipoinuka jua halikuwa na nguvu. Vitunguu saumu nilivyovianika juzi bado vina unyevu. Nimevirudisha ndani, nimekaa, na kwa mara ya kwanza tangu nianze biashara hii naishika simu bila kutaka.

Leo siuzi kitu hapa. Naandika ili litoke kifuani.

Mimi si mtu wa huku. Kwetu ni Kahama, nililetwa na ndoa. Kijiji tunachoishi kiko juu kidogo ya mji wa Haydom. Mume wangu Emanueli ni fundi pikipiki huko mjini, anatoka asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo mtu ninayeshinda naye ni mama yake. Yeye amelima vitunguu saumu tangu ujana wake. Mimi navitwanga, natia mafuta kidogo, naweka kwenye chupa na kuuza mtandaoni. Maboksi yanapanda basi la Arusha pale stendi.

Mwanzoni ukurasa wetu ulikuwa kama kanisa siku ya Jumatatu. Naweka picha ya chupa, laiki zinatoka kwa mume wangu, kwa dada yangu na kwangu mwenyewe. Nikauliza maswali: wewe kitunguu saumu unakitia kwenye chakula gani? Kimya. Nikabadilisha mwanga, nikanunua kitambaa cheupe cha kutandika mezani. Kimya. Basi nikatafuta mafunzo ya bure kwenye simu. Mwalimu mmoja akasema watu hawafuati chupa, wanafuata watu. Akasema pia kila komenti ijibiwe haraka, hata ya kijinga, maana unapojibu ndipo ukurasa unapoonekana kwa wengine.

Nikamrekodi Mama.

Alikuwa jikoni anamenya vitunguu, mimi nikiwa nyuma ya simu namwuliza maswali. Kiswahili amejifunza ukubwani. Anakipanga kwa namna yake, na mimi nilishazoea, tena siku hizi nilikuwa hata sisikii tofauti. Nikamwuliza kitunguu chake kinakizidi nini kile cha dukani. Akafikiri, akasema, "Kitunguu yangu haina aibu. Ukikula, jirani anajua."

Tulicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la shuka. Nilimwuliza kama naweza kuiweka mtandaoni. Akasema weka, watu wajue kitunguu.

Asubuhi yake simu haikutulia mezani. Watu walikuwa wanashea bila kuombwa. Oda zikaja kutoka miji ambayo sijawahi kufika. Nikamwambia Mama wateja wamempenda, naye akaongeza kasi ya kumenya, anaimba chinichini wimbo wao wa kanisani. Na kweli komenti za mwanzo zilikuwa za upendo. Bibi ana maneno. Bibi atunzwe.

Halafu zikageuka. Mmoja akaandika bibi arudishwe darasa la kwanza. Mwingine akauliza Wambulu Kiswahili walikiwekea nini hata kikaoza hivyo. Wakaanza kuandika kwa kumwigiza, wanavunja kila neno kwa makusudi, wanashindana nani atavunja zaidi.

Na mimi nikawajibu. Wote. Vikatuni vya kucheka, mstari mzima. Wengine niliwaongezea na neno: "Ndiye bibi yetu, tumemzoea hivyohivyo."

Nilijiambia ni kazi. Nilijiambia hasomi, hana simu ya kufungua vitu hivyo, na anayecheka leo kesho ananunua. Nikamrekodi tena, na tena, na safari hizo nilikuwa namwuliza maswali marefu makusudi, yale niliyojua yatamkwamisha.

Hilo la mwisho sijamwambia mtu yeyote.

Kijana mmoja wa mjini, simjui, akachukua sauti ya Mama akaiwekea sura yake. Alijifunga kitambaa kichwani, akapaka jino moja weusi, akafumba na kufumbua macho kama mtu aliyepotea njia. Video hiyo ndiyo iliyosambaa kuliko zote. Aliutaja ukurasa wetu, na wafuasi wakamiminika. Nikamshukuru hadharani.

Jumamosi iliyopita tulishuka Haydom mimi na Mama kupeleka maboksi. Stendi ilikuwa imejaa watu wanaoleta wagonjwa hospitali na wanaowarudisha nyumbani. Wasichana wawili waliokuwa wanasubiri basi wakamtazama Mama, wakanong'onezana, wakaja. Hawakumwamkia. Walisema kwa pamoja, kwa sauti ile ya kuigiza, "Kitunguu yangu haina aibu."

Mama hakuwasikia vizuri kwa sababu ya honi. Aliona mabinti wawili wamesimama mbele yake wanamwambia neno, akajua ni salamu. Akaitikia, "Marahaba, wanangu."

Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Mmoja, nadhani hata hakuwa na nia mbaya, akamfungulia simu amwonyeshe alivyo maarufu. Video aliyomfungulia ni ya yule kijana. Mama akaishika simu kwa mikono miwili. Akaiangalia mpaka ikaisha, ikaanza tena yenyewe, akaiangalia tena. Kisha akamrudishia binti simu yake taratibu na kumwambia asante.

Njia nzima juu ya bodaboda alikaa nyuma yangu, na sikujua uso wake ukoje.

Tangu siku ile hakuniambia neno la Kiswahili. Hakununa wala hakugomba. Chakula alinipakulia, maji ya kuoga alinitengea. Lakini kila alichotaka kusema alikisema Kiiraqw, hicho Kimbulu chao, na mimi Kiiraqw changu kinaishia kwenye salamu na majina ya mboga. Mchana kutwa tulikuwa wawili ndani ya boma, tunapishana kama wageni wa gesti. Jioni Emanueli akirudi wanaongea, wanacheka hata, mimi nakaa upande wangu nachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Emanueli aliniuliza Jumapili kama nilijua watu wanasema nini. Nikamwambia najua.  Halafu akasema mteja alimwonyesha video ya yule kijana pale kwenye gereji yao, naye akacheka kwanza, kabla hajatambua ile sauti ni ya mama yake.

"Sijui nikugombeze wewe au nijigombeze mimi," akasema.

Huko mtandaoni wanauliza bibi yuko wapi. Kuna mwenye duka Arusha anataka mzigo mkubwa, ila anataka na video ya bibi kila wiki, maana ndiyo inayowaleta wateja. Nilikuwa sijamjibu.

Leo mchana, ukungu ulipoinuka, nilikuwa jikoni natwanga vitunguu. Mama akaingia, akavuta kigoda, akakaa karibu yangu. Akaongea Kiswahili. Nilishtuka hata mchi ukanitoka mkononi. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, na safari hii si kwa ajili ya kuchekwa.

"Leta hiyo simu. Nisomee."

"Nisome nini, Mama?"

"Ile watu wameandika."

Nikaanza na zile nzuri. Aliniacha nikasoma kama nne hivi, akaweka mkono juu ya goti langu. "Anjela. Zile zingine."

Nikazisoma. Za darasa la kwanza. Za kuoza. Za kuigiza nilishindwa kuzitamka, akanisubiri mpaka nikazitamka. Alikuwa anaangalia moto. Nilipomaliza, akauliza, "Na wewe ulijibu nini?"

Nikamwambia nilicheka.

"Huyu?" Aliweka kidole juu ya simu.

"Nilicheka, Mama."

"Na huyu mwingine?"

"Nilicheka."

Hakuuliza tena. Alichukua kitunguu, akakimenya chote, akakiweka kwenye beseni, ndipo akasema, "Wewe ulikuja hapa hujui mtu. Ulikuwa unalia kule ndani, nasikia. Mimi Kiswahili sikuwa nayo, kidogo tu ya sokoni. Nikasema nitajifunza, huyu mtoto asikae peke yake. Hiyo yote nilijifunza ya kuongea na wewe. Sikuongea na wao."

Nilipiga magoti. Nikamwomba msamaha kwa maneno niliyokuwa nayo, na yalikuwa machache kuliko yake. Hakunikataza kulia. Hakusema pia amenisamehe.

Nikamwambia nafuta kila kitu sasa hivi, ukurasa wote. Akatikisa kichwa.

"Yangu iache. Mimi sikusema kitu mbaya. Futa yako."

Akainuka, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Nimemwandikia yule wa Arusha kwamba vitunguu vipo, video za bibi hakuna tena. Amesoma, hajajibu. Pengine hatajibu. Kwenye ukurasa nimeandika kwa jina langu kwamba yule ni mama yangu, kwamba lugha yake ya kwanza siyo hii, na kwamba kuanzia leo anayemkejeli nitamwondoa. Wameshaanza kuondoka wenyewe. Mmoja kaniuliza mbona wiki iliyopita nilikuwa nacheka naye.



Tangu hapo nafuta majibu yangu, moja baada ya jingine. Mtandao wa huku unasuasua, kila kicheko kinachukua muda kuondoka, na chini ya kile kuna kingine. Sikujua nilicheka mara nyingi namna hii. Emanueli amerudi. Wako nje na mama yake wanaongea Kiiraqw, na nimesikia jina langu katikati ya maneno nisiyoyaelewa. Zamani ningemwuliza anieleze. Leo nimeona aibu kuuliza.

Bando linaisha na bado sijafika nusu. Kesho nitanunua jingine, niendelee kufuta.