Kosa Ambalo Mtu Anaweza Kurudi Nalo

Kaka,

Nadhani umekwisha kujua kwamba ng'ombe wamerudi. Tulikuzika zizini, kama anavyozikwa mwenye mji, kwa hiyo wakiingia wanakupita juu. Waliotoka walikuwa kumi na mmoja. Waliorudi ni tisa. Nakuandikia kabla hujaelezwa na watu wengine huko uliko.

Tangu uondoke, mvua ilikataa. Majani yakaisha hadi tukaanza kuyatazama ya paa kwa jicho baya. Ilibidi ng'ombe wahamishwe, na safari hii mwenye kuamua nilikuwa mimi. Magharibi, upande wa Ushetu, majani yalikuwapo, ila na mbung'o wapo, na ng'ombe akiumwa nao hukonda mpaka akaanguka. Mashariki, kwenye mbuga, mbung'o hakuna; kuhusu majani, hakuna aliyejua. Na ng'ombe hao ndio maziwa ya mwanao mdogo na mahari ya Masanja, mwanao mkubwa.

Unakumbuka nilivyokucheka? Jambo moja ulilikalia siku tatu, juu ya kigoda, ukikuna ndevu. Nikasema kichwa chako kinacheua kama ng'ombe. Ukajibu kwamba angalau chako kina kitu cha kucheua.

Basi mimi nikataka kukwepa kufikiri. Nikapeleka kuku kwa mfumu, mganga wetu wa kupiga ramli, nikamtemea kuku huyo mate mdomoni ili ajue shida ni yangu. Mfumu akampasua, akachungulia ndani, akasema magharibi. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye amani. Lakini nikapeleka kuku wa pili kwa mfumu wa kijiji cha jirani, kuhakikisha tu. Huyo akasema mashariki. Nikarudi na kuku wawili wafu na swali lilelile. Mchuzi ulikuwa mzuri.

Ndipo nikakaa kwenye kigoda chako. Siku nne. Nilichokiona ni kwamba nifikiri saa moja au mwezi mzima, majani ya mbugani hayaoti wala hayakauki kwa ajili yangu. Sasa kufikiri kuna kazi gani? Jirani yetu Luhende hakufikiri. Aliamka, akafungua zizi, akafuata mkia wa dume lake kwenda magharibi.

Mke wako alinikuta nimejiinamia.

"Shemeji," akasema, "unauliza majani yako wapi, na hilo hulijui. Ukikosea, utarudije? Hilo unalijua."

Kweli nilikuwa nalijua, kaka, ila sikuwahi kujiuliza. Ng'ombe aliyeumwa na mbung'o harudi. Mwenye njaa unaweza kumgeuza njiani, akiwa bado na miguu. Tukaenda mashariki.

Majani hayakuwapo. Siku ya sita nikawageuza. Wawili wakaanguka njiani, mmoja yule mweupe uliyekuwa ukimkuna shingo… Huyo nilikaa naye mpaka mwisho. Mvua ikatukuta tumekaribia nyumbani.

Luhende naye karudi na ng'ombe wake wote, wamenona. Anawapitisha mbele ya mlango wetu polepole kuliko inavyohitajika. Jana kaniuliza kama bado nafikiri. Nikamwambia bado. Nakiri kwamba kila asubuhi nawakagua ng'ombe wake nione kama kuna anayeanza kukonda. Hakuna.

Nimejaribu kujilaumu, nashindwa. Luhende hakujua zaidi yangu. Lakini nikimwona Masanja ameegemea uzio, akiwatazama hao tisa, siwezi kujisifu pia. Labda kufikiri hakumwonyeshi mtu njia. Kunamchagulia hasara tu. Wewe ulilijua hili pale kigodani, au ulikuwa umesinzia? Ningetoa ng'ombe mmoja nikuulize, ila kwa sasa sina wa kutoa.

Pumzika, kaka. Masanja ataoa kwa ng'ombe hawahawa, hata kama itabidi angoje ndama wawili. Wakwe nimeshasema nao. Mwakani mvua ikikataa tena, nitamuuliza mama Masanja kabla sijamuua kuku yeyote. Siwezi kukuahidi kwamba sitakosea. Nakuahidi nitakosea mahali ambapo watoto wako wanaweza kurudi kwa miguu.

Ni mimi, mdogo wako.