Cherehani ya Mpangaji

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Miguu ya Mama inaendeleaje? Mimi mzima, ila kufua mashuka ya hoteli si mchezo, mikono imekuwa ya bibi kizee. Jana kwenye basi mzee mmoja kanisukuma nisikae. "Rudini kwenu, nchi imejaa!" Basi zima likageukia dirishani. Nilisimama mpaka kazini.

Nisalimie fundi cherehani, mpangaji wetu wa uani. Bila dada yake kunipokea chumbani kwake huku, ningelala stesheni. Mwangalie vizuri. Ni mkimbizi, hapo hana mtu.

Dada yako.

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, miguu ya Mama imepungua uvimbe. Huyo mzee hana adabu! Ningekuwepo angenitambua.

Fundi hayupo. Mtaa ulikaa kikao, nikachaguliwa mwenyekiti. Wageni wamezidi, dada, mafundi wetu wanapiga miayo. Tukawapa siku moja waondoke. Alilia sana, Mama naye akalia, lakini ningefanyaje? Cherehani yake nimeiweka dukani kwangu isiibiwe.

Usimwambie dada yake.

Mdogo wako, Mwenyekiti.

2 Aprili

Mwenyekiti,

Sikuulizi hali. Barua yako imenikuta nakula chakula alichopika dada yake fundi. Unamtukana mzee wa basi, kumbe nyinyi ni ndugu kuliko mimi na wewe. Mkuki kwa nguruwe!

Mtafute fundi. Mrudishe chumbani, mpe cherehani yake, umwombe radhi mbele ya hao wanakikao wako.

Dada yake nimemwambia yote. Amezima jiko, akavaa viatu, akatoka. Sijui leo nitalala wapi.

Dada yako.

11 Septemba

Dada mpenzi,

Shikamoo, tena shikamoo. Kimya changu nisamehe. Mama anakusalimu. Mimi hanisemeshi, maneno yangu anampa jirani aniletee.

Duka la vitambaa nimefunga. Kumbe hao mafundi tuliowafukuza ndio waliokuwa wananunua. Nikajaribu kushona mwenyewe, nikajishona kidole.

Nataka kuja huko. Hapo sakafuni si panatosha godoro? Niombee kwa mwenye chumba. Mtu mwenye shida hafukuzwi.

Mdogo wako.

30 Septemba

Mdogo wangu,

Hujambo. Mwambie Mama asilie tena, mtu wake yupo salama.

Ile siku mwenye chumba hakunifukuza. Alikwenda kuomba zamu ya pili kazini, akafanya kazi usiku na mchana mpaka akapata nauli ya kumleta mdogo wake. Hiyo sakafu unayoitaka analala fundi.

Nimewasomea barua yako. Dada yake amesema chumba kimejaa. Maneno hayo nimeyasikia sana huku, na ni mara ya kwanza hayakuniuma. Fundi alikuwa anatandika godoro lake. Kisha akauliza kama cherehani unaitia mafuta.

Mjibu yeye. Mimi usiniandikie mpaka umemjibu.

Dada yako.