Kimo cha Uzi

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Karakana ya Mbao.
Jumatano, 10 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Kabla ya lolote, kifua chako kinaendeleaje? Kikohozi kile nilichokisikia kwenye simu sikukipenda. Na mwanao, Kitumbo wetu, mzima? Sisi afya tunayo, ila mimi roho iko juu juu tangu juzi. Nimeona nishike kalamu kwa sababu kwenye simu ungenicheka, nami ningekubali kuchekwa.

Unamkumbuka Uzi, yule mbwa tuliyemchukua akiwa anaenea kwenye kikapu cha vitambaa? Aliyetupatia alituapia kwamba ni wa mbegu fupi kama mbwa wetu Kifungo, kibibi chetu cha miaka tisa. Nikampima kwa futi yangu, urefu na kifua, nikaridhika. Mimi, fundi ninayeshona sare za shule kila mwaka, sikutazama nyayo. Zilikuwa kubwa kama za kuazima. Kumbe lile ndilo lilikuwa pindo la kukulia, na sasa limeachiliwa lote.

Simsingizii. Kwa kawaida ni mpole, na Kifungo anamkalia kichwani atakavyo. Kale kadogo kanabweka mara moja, jitu zima linaondoka kwenye mkeka limeinamisha kichwa. Shemeji yako alikuwa anacheka hadi machozi, nami nilikuwa nacheka naye.

Juzi asubuhi Kifungo alitia pua kwenye bakuli la Uzi, kama alivyozoea. Sikusikia hata ngurumo. Uzi alimkamata shingo, akamtikisa, akamwachia, akaendelea kula. Mara moja tu, mdogo wangu. Daktari wa mifugo alimshona nyuzi sita, anasema atapona, lakini hatoki chini ya cherehani. Shemeji yako anasema Uzi hana kosa, chakula kilikuwa chake. Huenda ni kweli, na hicho ndicho kinachoniogopesha zaidi.

Barua yako ya mwisho ninayo hapa. Umeandika kwa furaha kwamba Kitumbo siku hizi hatulii na sahani yake, anazunguka akichota kwa kila mtu. Jana nimeisoma tena, nikachukua futi, nikampima Uzi akiwa amesimama. Kisha nikafungua daftari lenye vipimo ulivyonitumia vya gauni la Kitumbo. Mdomo wa Uzi na uso wa mtoto viko kimo kimoja.

Najua unaanza kazi tarehe mosi, na najua nilikuahidi kukaa na mtoto. Nimemwambia shemeji yako, "Chagua. Uzi au mtoto wa mdogo wangu." Akaenda kumpiga mbwa brashi. Mlinzi wa karakana, ambaye hana mtoto wala mbwa mwingine, yuko tayari kumchukua, ila mwenzangu ameomba muda.

Mpaka nikuandikie kwamba Uzi ameondoka, tafadhali usimlete mtoto. Hata nikikupigia simu kusema mambo yametulia, usinisikilize. Nitakuwa nimebembelezwa.

Nisalimie mama mkwe wako, na yule jirani yako mpishi. Mungu akutunze wewe na huyo mtoto, awaondolee kila baya mlilo nalo karibu na mlilo nalo mbali.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikukatalia.

Nilitaka kusahau: gauni limekwisha. Nimeacha pindo pana. Hata akichelewa kuja, litamtosha.