Kijiti Nilichong'oa kwenye Shamba la Bi Somoe

Jumatatu, jua bado lipo. Tangu mchana wingu zito limekaa upande wa mto Ruvuma. Halinyeshi wala haliondoki. Nami niko hivyo hivyo, nimekaa kizingitini na simu mkononi, naandika kwa sababu sijui la kufanya.

Ninyi mnaosoma hapa mmezoea malalamiko yangu ya joto na mbu. Leo nimefanya kosa. Sina hakika hata ni kosa la ukubwa gani.

Mimi ni karani wa ofisi ya kijiji, huku ng'ambo ya Msimbati, na huu ni mwezi wangu wa saba kazini. Nilikulia Ufukoni, Mtwara mjini, kwa sababu baba alihamishiwa bandarini kutoka Njombe nikiwa mdogo. Watu wakisikia hivyo wanadhani naijua Mtwara. Naijua lami yake. Shamba silijui.

Kesho asubuhi linakuja trekta. Ni moja kwa vijiji vinne, na shamba likikosa zamu yake sasa, mvua zitaanza na zamu hairudi. Ili shamba liingie kwenye orodha, karani analitembelea, anapiga picha na kujaza fomu. Swali la mawe ni fupi: "Mawe makubwa: yapo / hayapo." Unazungushia duara neno moja, unatia sahihi, na shamba lenye "yapo" haliingii. Basi.

Shamba la Bi Somoe lilikuwa na mawe tisa. Bi Somoe ni mjane, analima muhogo na ana korosho chache, na mgongo wake ukimwinamisha asubuhi haunyooki tena mpaka adhuhuri. Mawe ya huku ni mwamba wa zamani wa bahari. Juu unaona kipande kama kobe aliyelala, chini kuna mwili mzima. Kaka yake, Mzee Issa, alikuja na wawindaji wenzake wakayashughulikia wiki mbili. Mengine waliyawashia moto kutwa nzima kisha wakayamwagia maji, yakalia na kupasuka. Mengine waliyachimbia shimo refu ubavuni, wakalisukuma jiwe likaangukia humo, wakalifukia kwa kina ambacho plau haifiki.

Nilifika Jumatano. Udongo ulikuwa tambarare, mzuri kabisa, isipokuwa kitu kimoja katikati: kijiti kinachofika gotini, kimefungwa ukindu juu, fundo lenye ncha mbili zilizosimama kama masikio.

Nikasema moyoni, huo ni uganga.

Bi Somoe alikuwa amekwenda kisimani. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza, na nakiri kwamba hata angekuwepo nisingeuliza. Nina cheti, nimesoma, lakini niliogopa kijiti. Pia kingeharibu picha. Nikazungushia leso mkononi, nikaking'oa, nikakitupa vichakani, nikasali sala fupi. Nikapiga picha. Nikazungushia duara "hayapo".

Sahihi yangu ilitoka nzuri sana siku ile.

Jumamosi Mzee Issa alinijia nyumbani. Wawindaji wa hapa wanaua nguruwe pori kwa sababu wanamaliza muhogo, lakini hawali, wao ni Waislamu. Kwa hiyo mnyama akinaswa, nyama inaletwa kwetu sisi wageni wa nyumba za serikali. Mzee alikuja nayo ndani ya kiroba kilichoning'inia ncha ya fimbo ndefu, kaishika mbali na mwili kama ameshika nyoka.

"Haya, karani, mzigo wenu huu," akasema. "Sisi tunaua, nyie mnaenda kuzika tumboni."

Nikacheka, nikapokea. Akakaa kwenye benchi, akaomba maji, akaanza kusimulia mawindo. Walikuwa na nguruwe wawili, mmoja akawaponyoka chini ya wavu. Kijana mpya alichomeka kigingi juu ya jiwe lililofukiwa, kigingi hakikuzama, nguruwe akainua wavu kwa pua na kupita.

"Ntu huyo nimemwambia mara ngapi!" Mzee akasema. "Penye kijiti chenye fundo, chini kuna jiwe. Msitu wote ule tumeuwekea alama. Yeye anaona fundo, anadhani kuna ntu kafunga mbuzi."

Kikombe changu kilikuwa mdomoni. Nikakiacha hapo hapo.

"Hata pale kwa dada yangu," akaendelea, "manane tumeyaweza, la tisa limetushinda. Halina mwisho lile. Tumelifunika udongo kidogo, tumechomeka fundo katikati yake. Dereva akiliona atainua plau, atapita. Si umeliandika?"

Nikasema, "Ndiyo, Mzee."

Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu sasa kabla ya kuendelea.

Kwa nini nilisema ndiyo? Alikuwa ananitazama vizuri, kiroba kiko miguuni pangu, na neno likatoka lenyewe. Baada ya hapo kila dakika iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi kulirudisha. Akaniaga, akaondoka zake na fimbo begani. Jioni nikapika ile nyama. Nikaila. Ilikuwa laini, nami nikaila huku nikijua.

Jana sikwenda kanisani mjini. Nilimwambia mama kwenye simu kwamba naumwa, na kwa namna fulani ni kweli.

Leo saa ya chakula nilichukua mtaimbo wa ofisi nikaenda shambani peke yangu. Nilidhani ningepakumbuka mahali. Udongo uliokwatuliwa haukumbukwi, wote ni uso mmoja. Picha niliyopiga haisaidii kitu, nilihakikisha mwenyewe kwamba haionyeshi chochote. Nikaanza kuchoma mtaimbo hatua kwa hatua, jua limenikalia utosini. Mchanga, mchanga, mchanga. Halafu mkono ukatetemeka mpaka begani: nimegonga. Kina cha kiwiko tu. Nikasogea hatua nne, nikagonga tena. Nikasogea saba upande wa pili, kimya. Nikarudi, nikagonga pengine kabisa.

Ni jiwe moja au matatu? Sijui. Linaanzia wapi? Sijui.

"Unachimba panya, karani?" Sauti ya Bi Somoe ikanitokea nyuma. "Nyama ya kaka yangu haikukutosha?"

Alikuwa amesimama na jembe lake mkono wa kulia, mkono mwingine kiunoni, anacheka. Nikamwambia nahakikisha tu lile jiwe la tisa.

"Aa, lile. Kwani kijiti kimekwenda wapi?" Akatazama huku na huku. "Mbuzi hao. Mbuzi wa jirani yangu hawana adabu hata kidogo. Wamekula ukindu, na kijiti wameondoka nacho."

Nilitazama mtaimbo.

"Lilikuwa usawa wa mkorosho ule," akasema, akanyoosha jembe. Kisha akasita. "Au ule. Issa ndiye anajua." Halafu kicheko kikatoweka usoni mwake, akanisogelea, akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu. "Mwanangu, hutanikata kwenye orodha kwa sababu ya jiwe moja? Mgongo huu nnauomba kila siku uniamshe. Jembe la mkono mwaka huu silimalizi."

Nikamwambia hapana. Hilo ni neno la pili ninalotoa bila kujua nitalitimizaje.

Nimerudi ofisini nikakaa mbele ya fomu. Nikimwambia mtendaji wa kijiji, mkubwa wangu, kwa jinsi ninavyomjua, atafuta duara, ataandika "yapo", na jina la Bi Somoe litatoka, trekta litavuka kwenda kijiji cha pili. Nikinyamaza, dereva atapita hapo kwa mwendo wake wote. Wakulima wanasimulia juu ya dereva mmoja wa huko juu ambaye plau yake ilinasa kwenye mwamba, akarushwa kutoka kwenye kiti, akavunjika bega. Siku zote nilidhani ni hadithi ya kutishia watoto wasipande matrekta. Leo naisikia tofauti.

Jambo linalonichanganya ni hili. Wawindaji hawakuficha kitu. Waliandika, kwa namna yao, mahali panapostahili, kwa herufi ambayo kila mtu hapa anaisoma. Aliyefuta ni mimi niliyeajiriwa kuandika. Na fomu yangu haina nafasi ya jibu lao. Lipo, lakini tunajua lilipo. Hilo unalizungushia duara wapi?

Nimejaribu kutafuta njia ya kulimaliza bila kusema. Nikate kijiti changu, nifunge fundo langu? Nitakichomeka wapi, na nimegonga sehemu tatu? Fundo likikaa pasipo pake ni baya kuliko kukosekana, dereva ataliamini. Nimwombe Mzee Issa arudi akaonyeshe? Atauliza kimekwenda wapi kile cha kwanza. Naweza kumjibu kama dada yake: mbuzi. Neno lenyewe liko tayari, nimepewa bure, na mbuzi hawezi kukanusha.

Nimekaa na neno hilo kwa saa nzima.

Nimechukua kalamu. Chini ya "yapo / hayapo", pale pembeni pasipo na mstari, nimeandika: "Lipo moja. Limewekewa alama." Sijui kama inaruhusiwa. Sijui mtendaji atasema nini asubuhi. Na kwa sasa hivi sentensi ya pili bado ni uongo, mpaka Mzee Issa aifanye kuwa kweli.

Nyumba yake ni mwendo wa nusu saa, kupita kwenye kile kichaka nilichokitupia kijiti. Nitapita nikitazama chini. Nikikiona nitakiokota, bila leso safari hii. Nisipokiona nitafika mikono mitupu, nitamwamkia, na kabla hajanikaribisha benchi nitamwambia: Mzee, shikamoo, yule mbuzi aliyekula fundo lenu ni mimi.

Hata akinicheka, hata akinifukuza, sote tutakuwa tumejua kwamba fundo halipo.

Kesho ina trekta. Leo bado ina jua kidogo, linatosha nusu saa ya kutembea. Navaa viatu.