Wanasema Nina Mwanaume Ibaba

Dada Imelda, salamu. Mimi mjane, kibarua hapa Tunduma, nachambua maharage ghalani. Shule niliishia la tatu. Nina shida, nisaidie.

Chumba alichonipangia mwanangu Ambwene kiko barabarani, malori ya Zambia yanapanga foleni dirishani kwangu, honi, injini, madereva wanagombana, mpaka kichwa kinanguruma. Mwezi wa kwanza nikaenda kwetu Ibaba, milimani, kuangalia nyumba aliyoniachia marehemu, alimozaliwa Ambwene. Mvua ilikuwa imekatika. Nikakaa mlangoni. Vyura wakaanza bondeni, mmoja, halafu wote, mianzi inasuguana nyuma ya nyumba, kijito kimejaa kinapita kwenye mawe, nikacheka peke yangu kama nimekunywa ulanzi na sijanywa. Tangu hapo kila Jumamosi nikitoka kazini napanda Ibaba, Jumatatu narudi naimba.

Ghalani wananiita bibi harusi, nami natabasamu tu. Mwenzangu Tukuswiga ananiuliza, "Anaitwa nani huyo, na ng'ombe anao?" Ambwene naye kaja kanuna. "Mama, ni nani?" Nikamwambia ni vyura. Akasema, "Usinifanye mtoto." Sasa anataka kuipangisha nyumba kwa mwalimu mgeni, nisiwe na pa kwenda. Mimi nataka kuhamia huko kabisa. Nifanyeje?

Mama Ambwene, Tunduma.

Mama Ambwene, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa kucheka. Pole kwa hizo honi. Lakini na wewe una makosa. Wakikuita bibi harusi unatabasamu tu, hukatai, naona kusingiziwa mwanaume kumekunogea. Mwanao huku anaona aibu mbele ya watu, na wewe unakaribia kukosa nyumba.

Nyumba ni yako. Mwambie hivyo, kavu kavu, kabla mwalimu hajaleta godoro. Kisha usibishane naye. Jumamosi hii mpande pamoja Ibaba, na avae koti, kule baridi. Mvua ikikatika mkalishe mlangoni, mnyang'anye simu, halafu nyamaza. Ukianza kumweleza utaharibu. Kazaliwa hapo, masikio yake yanajua.

Kibarua usihofu, mashamba ya huko nayo yanataka watu.

Akicheka, mwambie akubebee kitanda. Asipocheka, hama vilevile. Mwanamke anayerudi anaimba hakosi wa kumbebea kitanda.