Mguu wa Nyuma wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Bosi kaniita hata sijaweka mkoba chini. Joka limerudi! Filamu ileile ya utotoni mwetu, imetengenezwa upya kwa fedha ambazo ukianza kuzitamka unapumzika katikati. Mhakiki ni mimi. Ukurasa mzima: kushoto Nguvu, kulia Udhaifu, na pande zote mbili zilingane urefu. Ndivyo gazeti letu linavyofanya, hata tungekuwa tunahakiki tetemeko la ardhi. Nikauliza, udhaifu ukizidi je? Akasema nitafute nguvu nyingine. Tangazo la filamu limechukua ukurasa wa nyuma wiki nzima, kwa hiyo nisimtafutie balaa.

Sikumwambia kwamba Baba ni joka.

Si joka zima. Nusu. Lile la zamani lilikuwa sponji na kitambaa cha makochi, na watu wawili ndani. Baba ni fundi wa makochi, yeye ndiye aliyelishona. Siku ya kwanza ya kupiga picha, mtu wa miguu ya nyuma hakutokea, Baba akasukumwa ndani kwa kuwa ndiye aliyejua zipu iko wapi. Mbele alikaa jamaa ambaye nyumbani kwetu hadi leo anaitwa Kichwa tu, na jina hilo halitamkwi kwa upendo.

Na lile joka lilichechemea. Mguu wa nyuma wa kushoto. Hicho ndicho watu walichobaki nacho — si binti mfalme, si upanga. Watoto wa rika langu wote tulichechemea kwenda shule.

Jumanne, 4 Machi

Nimefika kumpa Baba habari, nimekuta suti imeshapigwa pasi, inaning'inia mlangoni. Kasikia redioni. Wataleta mwaliko, anasema, hawawezi kulifufua joka bila mwenyewe.

Kisha akasimama katikati ya makochi ya watu, yasiyo na mgongo wala viti, akanipa tena hotuba ninayoijua kuliko sala zangu. Yeye hakuigiza kuchechemea. Yeye alilipa joka historia! Mnyama aliyeumizwa na dunia, mwanangu. Kitu hicho hakifundishwi, mtu anazaliwa nacho.

Mama akaongeza sauti ya redio.

Alhamisi, 6 Machi

Onyesho la waandishi. Masaa matatu na ushee kwenye kiti. Makalio hayapo.

Nianze na nguvu, nisije nikaambiwa nina husuda. Joka liliporuka mara ya kwanza, ukumbi mzima ulivuta pumzi, na mimi nikiwemo. Magamba yanalowa mvua, moja moja. Jicho lake! Lina uzee ndani. Lile la zamani lilikuwa na vifungo viwili vya koti, kimoja kikubwa kuliko mwenziwe.

Sasa udhaifu. Waandishi tisa wa hadithi — tisa! — na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuweka mzaha. Giza tupu, vita kuu ya mwisho nimeisikia, sijaiona. Binti mfalme anapita chini ya maporomoko ya maji, anatoka nywele kavu, zimechanwa. Mchawi siku hizi si mbaya, alikosa malezi. Kila mtu amekosa malezi. Hata joka limepewa utoto, na kaka.

Kaka ndiye sababu ya mguu. Karibu nusu saa ya filamu inaeleza: usaliti, mkuki wenye sumu, machozi, muziki wa watu mia. Kijitabu walichotugawia kinajisifu kwamba kulikuwa na idara nzima ya mguu wa nyuma wa kushoto. Wataalamu waliichambua filamu ya zamani picha kwa picha, kila hatua, wakainakili.

Na ni kweli. Wamenakili hadi pale joka linaposimama ghafla, linatikisa mguu mara mbili, halafu linaukanyaga polepole, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Yule ni Baba! Joka kubwa kama jengo la ghorofa, linatembea kama Baba. Nililia, na jamaa wa gazeti pinzani akanipa kitambaa akidhani nimeguswa na mambo ya kaka.

Nilisubiri majina yote ya mwisho. Mpishi yupo. Mtunza mbwa wa mwongozaji yupo. Kichwa yupo, tena peke yake kwenye mstari: Mshauri wa Heshima wa Joka. Baba hayupo.

Ijumaa, 7 Machi

Kichwa alikuwa redioni asubuhi. Mtangazaji kamuuliza ule mwendo ulitoka wapi. Bila haya akajibu kwamba ulimjia usiku, kama ndoto.

Baba alikuwa na misumari midogo mdomoni, anapiga kitambaa kwenye kochi. Akaitema yote sakafuni. Miguu ya mbele! alipiga kelele. Mtu wa mbele atachechemeaje nyuma? Alichokifanya Kichwa mle ndani ni kula maharage na kumtesa mtu wa nyuma asiye na dirisha!

Kisha akanigeukia mimi. Wewe una gazeti. Andika.

Nimempelekea Bosi. Akanisikiliza vizuri kabisa, kitu kinachotisha. Akasema mambo mawili: ndugu zetu hatuwaandiki, na ushahidi uko wapi? Kwenye filamu kinaonekana kitambaa. Aliye ndani ya kitambaa anaweza kuwa mtu yeyote. Anaweza kuwa yeye, Bosi.

Mwaliko haujaja. Suti bado iko mlangoni.

Jumapili, 9 Machi

Leo Mama kanivuta jikoni, akafunga mlango, akafungua bomba la maji ili tusisikike. Nikadhani kuna mgonjwa.

Ilikuwa sindano, akasema.

Sindano gani?

Ile iliyopinda, ya kushonea makochi. Baba yako aliisahau ndani ya bitana ya mguu wa joka. Kila akikanyaga inamchoma. Atoke vipi? Zipu iko nje, Kichwa anavuta mbele, kamera inakwenda. Akachechemea. Mwongozaji wa wakati ule akaruka kwenye kiti: hapohapo, usibadilishe!

Nilicheka mpaka nikashika sinki. Miaka yote ya mnyama aliyeumizwa na dunia! Kitu hakifundishwi!

Mama hakucheka. Akasema subiri. Kesho yake aliitoa, akajaribu kuchechemea kwa akili yake tu. Haikufaa. Mwongozaji akamfokea mbele ya watu, akamwambia anatembea kama mlevi. Basi alichofanya, akairudisha. Mwenyewe. Kila asubuhi anaichomeka palepale, na jioni mimi naosha soksi ya damu. Mpaka filamu ikaisha.

Maji yaliendelea kumwagika. Nikauliza kwa nini hajawahi kusema.

Anaona aibu, Mama akasema. Anaogopa watu watasema si msanii, ni fundi aliyesahau sindano.

Anayo bado. Kwenye kopo la vifungo, imefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha kijani. Ngozi ya joka.

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia Baba najua. Sikuzunguka. Nikasema Baba, sindano ndiyo ushahidi. Tuipige picha na kile kitambaa, tuone Kichwa atasema nini. Nikasema pia kwamba sijawahi kuona mwigizaji aliyefanya zaidi ya hapo.

Akaniangalia kama nimemvua nguo sokoni. Mama yako ana mdomo, akasema. Halafu: ukiiandika hiyo sindano, mimi na wewe basi.

Nikamuuliza, sasa unataka jina au hutaki?

Akasema anataka jina la msanii. La mjinga alishalizoea.

Jumatano, 12 Machi

Uhakiki umetoka. Sikuitaja sindano. Niliandika kwenye Udhaifu kwamba wamenakili mwendo wa mtu na hawakuuliza ni wa nani. Mstari mmoja tu, nikaupenda kuliko watoto ambao sina.

Bosi kaukata. Udhaifu ulikuwa mrefu kuliko Nguvu. Nafasi ikabaki, akajaza mwenyewe, kwenye Nguvu: mwendo wa kuchechemea, ubunifu wa Mshauri wa Heshima wa Joka, unabaki kuwa johari. Jina langu chini yake!

Nimekwenda kumfokea. Akasema sahihisho litatoka, nafasi ikipatikana. Nimeandika barua ya kuacha kazi, nikaichana, nikakumbuka kodi ya nyumba, nikaokota vipande.

Baba alisoma mpaka mwisho. Akalikunja gazeti mara nne, akaliweka chini ya mguu mfupi wa kochi la mteja. Akalitikisa kochi kuona kama limetulia. Limetulia.

Ijumaa, 14 Machi

Kesho mchana ni uzinduzi. Mwongozaji mpya atakuwepo jukwaani na Kichwa, watu watauliza maswali. Nina tiketi mbili za gazeti. Moja nimeipenyeza chini ya mlango wa karakana. Nikaondoka. Nimefika kwenye kona, simu ikalia. Mama. Anasema suti haipo tena mlangoni, inajaribiwa, na tumbo linakataa vifungo.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika ukumbini, juu ya goti, nyuma ya karatasi ya tiketi na kwenye pambizo zake. Nitanakili baadaye. Nisipoandika nitapiga kelele.

Baba yuko kulia kwangu. Hajanisalimia, ila alinishikia mlango. Filamu nzima hakukohoa. Joka lilipoanza kutembea nikatazama chini badala ya mbele. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa kinainuka. Kinatua. Kinainuka. Pale pa kutikisa mara mbili kikatikisika mara mbili, kabla ya joka! Nyuma yetu mwanamke alikuwa analia kwikwi. Baba akageuka kumwangalia, kwa muda mrefu, kisha akatazama mbele tena.

Majina yamepita. Idara ya mguu wa nyuma wa kushoto: sikuweza kuwahesabu. Taa zimewaka.

Wako jukwaani. Mwongozaji kijana, viatu vyeupe. Kichwa, mnene, ua kifuani. Anasimulia ndoto yake. Watu wanapiga makofi. Mwongozaji anakiri kuna jambo moja lililowashinda: mashine zote zile, na bado hatua haikuwa sawa na ya zamani. Kuna kitu kinakosekana. Wameishia kuiita siri ya bwana huyu hapa. Makofi tena.

Baba kaingiza mkono mfukoni. Katoa kitambaa cha kijani. Anakifungua kwenye paja, polepole. Sindano imepinda, imeshika kutu. Mimi sijamwambia alete. Namuuliza kwa macho, hanitazami.

Maswali. Mikono kama msitu. Baba hainui mkono. Anainuka mwenyewe.

Anapita magoti ya watu, samahani, samahani. Yuko kwenye njia ya katikati. Sindano iko ndani ya ngumi. Sijui anaenda kuionyesha au kuificha.

Mguu ule ulishapona mimi nikiwa bado shule ya msingi. Anachechemea.

Si mlevi! Ndio mwendo wenyewe. Watu wa pembeni wameanza kugeuka, safu kwa safu, makofi yanakufa. Mwanamke wa nyuma yangu kasema, lahaula. Baba kasimama. Katikisa mara mbili. Mwongozaji ameshusha maiki, anamtazama mguu tu.

Kichwa amenyamaza katikati ya neno. Ameinama kidogo mbele, mikono magotini, kama mtu anayesubiri mwenzake ashike kiuno ndipo waanze kutembea.

Ngazi tatu za jukwaa. Baba yuko kwenye ya kwanza. Ngumi bado imefumba, kila hatua inakaza zaidi, na kati ya vidole naona damu. Karatasi imeisha.