Kochi Lililokatwa Miguu

Jumatatu, 4 Septemba

Ameletwa! Saa nne asubuhi, ndani ya kreti. Dereva anasema amebweka njia nzima kutoka Deggendorf, na masikio ya dereva huyo yalikuwa mekundu kweli. Jina Zenzi. Jike, miaka kumi, manyoya magumu ya kahawia, ndevu kama za karani wa posta wa zamani. Bwana wake amehamia nyumba ya wazee, na huko mbwa haruhusiwi.

Dakeli, mbwa mrefu wa miguu mifupi, wa kumi na tano kupita mikononi mwangu. Kumi na nne wameshapata kwao, picha zao ziko juu ya friji, na sijabaki na hata mmoja. Wenzangu katika chama chetu cha kuwatafutia dakeli makao humpokea mmoja, wakalia, wakamweka, kazi kwisha. Mimi siyo. Mwenye nyumba wangu ameruhusu mbwa mmoja, kwa maandishi. Nikimweka huyu, anayefuata hana pa kulala. Hakuna cha kulia hapo.

Zenzi amekagua vyumba vyote viwili, amekojolea mkeka wa bafuni, kisha amekaa mbele yangu akinitazama kama abiria asiye na tiketi anayedai kosa ni la reli. Miaka thelathini na mmoja nimekagua tiketi za treni. Tutaelewana.

Jumatano, 6 Septemba

Daktari: moyo mzuri, meno mabaya, diski mbili za mgongo zimechakaa. Asipande ngazi. Asiruke. Abebwe — mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio. Ananifundisha mimi! Dakeli ni benchi refu lenye miguu ya kigoda, katikati ndipo panapovunjika. Safari moja tu mbaya ya ngazi na miguu ya nyuma inakufa ganzi. Nimeshamwona mmoja akijiburura. Inatosha.

Kilo kumi na moja na nusu! Alikuwa analishwa soseji za ini. Kuanzia leo chakula kwa kipimo. Amenigeuzia mgongo mpaka jioni.

Nimeandika tangazo lake la mtandaoni. Gudrun, mwenyekiti wetu, kapiga simu: "Roswitha, hili ni tangazo au onyo?" Nimeandika kwamba ni mkaidi, anakoroma, mgongo wake mbovu, na anachukia baiskeli, wanaoziendesha na yeyote aliyevaa kofia ya baiskeli. Ukweli mtupu. Atakayemtaka baada ya hayo, huyo anamtaka kweli. Gudrun kasema: "Haya, ila ongeza basi kwamba ni mzuri."

Nimeongeza. Ni mzuri kweli.

Jumamosi, 9 Septemba

Waombaji wawili. Kwanza Falko na mkewe Annika, wa Regensburg, miaka thelathini na kitu, wote wanafanya kazi nyumbani. Fomu imechapwa, ina mpaka picha za mto watakaomnunulia. Gudrun ameshawapenda.

Wa pili ni Mzee Alban Kreilinger, wa hapahapa Straubing, ng'ambo ya mto. Ameandika kwa mkono, kwa kalamu ya wino. Sentensi tatu tu: amefuga dakeli tangu utotoni, wa mwisho alikufa Februari, nyumba imekuwa kimya mno.

Miaka sabini na tisa. Sasa, kanuni ya chama iko wazi: aliyepita sabini na tano alete mdhamini kwa maandishi, mtu wa kumchukua mbwa siku mwenyewe akifa au akilazwa. Kanuni hiyo niliitunga mimi. Ni baada ya Purzel, dakeli mwingine. Bibi yake alifariki jikoni, siku tatu hakuna aliyejua, na mimi ndiye niliyeingia pamoja na fundi wa kufuli. Purzel alikuwa amelalia slipa za bibi huyo. Hakutaka tumwondoe hapo. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kanuni ni ya kikatili.

Jumapili, 10 Septemba

Regensburg, kukagua nyumba. Nimekwenda na Zenzi.

Watu wazuri, sina ubaya nao. Wametandika meza, wamezima simu. Ghorofa ya nne, "lakini lifti ipo," waliandika. Ipo! Inasimama nusu ya njia, kati ya ghorofa na ghorofa. Kutoka lifti mpaka mlangoni kwao ni vidato tisa. Nimevihesabu kwenda na kurudi. Milango ya lifti ikafunguka, na kabla sijainama Zenzi alishafika kidato cha nne. Hapo akasimama. Mguu wa nyuma wa kushoto ukaanza kutetemeka.

Nilimwinua. Hakuna aliyefurahi, si yeye wala mimi.

Falko akasema, "Lakini mama, vidato tisa tu! Tutambeba." Nikamwuliza, na ukiwa na mifuko ya sokoni mikono yote miwili? Na akimsikia mtu wa posta? "Basi tutamfundisha asubiri." Kumfundisha dakeli asubiri! Nimecheka peke yangu kwenye treni mpaka mama mmoja akahama kiti.

Jibu langu: hapana. Gudrun kafoka: "Wewe hata malaika akija kuomba mbwa, utapima ngazi zake." Nitapima, ndiyo. Malaika wanaishi juu.

Jumanne, 12 Septemba

Kwa Mzee Alban. Nilikwenda kumkatalia, maana hakutaja mdhamini. Mtu akiandika kwa kalamu ya wino, anakataliwa uso kwa uso.

Kafungua mlango amevaa tai. Nyumba ya chini, haina kizingiti hata kimoja. Uzio wa bustani umefukiwa ardhini nusu mita ili mbwa asichimbe akapita. Niliingiza fimbo kuhakikisha. Nusu mita kamili! Moyoni nikasema, Roswitha, usilegee.

Halafu nikaliona kochi. Kubwa, la kijani, limekaa chini karibu na sakafu kama limezama.

"Nimelikata miguu," akasema. "Jana. Tangazo lako linasema mgongo mbovu. Sasa anapanda bila kuruka."

"Na wewe, mzee? Ukishakaa hapo unainukaje?"

"Siinuki, mama. Nabingirika mpaka kwenye zulia, halafu naanzia hapo."

Na akanionyesha! Miaka sabini na tisa, na tai shingoni, akabingirika mbele yangu. Zenzi akabweka, mkia unakwenda mbio. Hajabweka vile tangu aletwe. Kisha akapanda kochini mwenyewe, akazunguka mara tatu, akalala.

Nikauliza habari ya mdhamini. Binti yake yuko Hamburg, manyoya yanamfunga kifua. Majirani kushoto na kulia wana miaka themanini na zaidi. "Nilikuwa na mdogo wangu," akasema, akaishia hapo.

Nikamwambia haiwezekani. Hakubisha. Alitufungia keki ya plamu kwenye karatasi, akafukuza nyigu kwa kofia. Zenzi aligoma kushuka, ikabidi nimbebe. Mkono kifuani, mkono chini ya makalio. Mzee alitazama mikono yangu, akasema, "Hivyo hasa."

Imeniuma. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 14 Septemba

Hakuna mwombaji mwingine. Tangazo langu linafanya kazi yake vizuri kupita kiasi! Falko kaandika tena, wako tayari hata kuweka lango dogo mlangoni. Lango! Ngazi ziko nje ya mlango, bwana.

Gudrun kasema sawa, amenisikiliza vya kutosha. Jumatatu anaamua yeye. Nisipoleta aliye bora, Zenzi anakwenda Regensburg. Na kuna jingine: mfugaji mmoja amefungiwa, kumetoka dakeli sita, wawili hawajawahi kukanyaga nyasi. "Nafasi yako inapatikana lini?" Nikasema Jumatatu. Nilisema haraka sana, kisha nikamtazama Zenzi. Alikuwa anatafuna slipa yangu.

Ijumaa, 15 Septemba

Amelala kitandani kwangu. Hakuruka. Nilimpandisha mimi. Sina maelezo.

Nimetoa kanuni yangu kabatini nikaisoma kama mgeni. Hakuna palipoandikwa kwamba mwanachama hawezi kuwa mdhamini! Nilisimama jikoni nikapiga meza. Mimi nina sitini na mbili, nipo ghorofa ya chini, naujua mgongo wake. Nani bora kuliko mimi? Hakuna!

Halafu nikasoma mstari wa mwisho. "Mdhamini awe na nafasi wazi nyumbani kwake wakati wote." Maneno "wakati wote" niliyapigia mstari mimi mwenyewe. Kwa rula.

Yaani nikitia saini, nafasi yangu moja ni ya Zenzi, hata kama Zenzi hayupo. Hakuna wa kumi na sita. Mzee Alban anaweza kuishi miaka kumi. Na aishi, namwombea! Miaka kumi nitakaa na kikapu kitupu jikoni, bila wa kupita na bila wa kwangu. Mimi, Roswitha Haslbeck, niliyekuwa nawacheka wanaobaki na mmoja.

Nikimweka mwenyewe? Nafasi imekwisha vilevile. Lakini angalau ningekuwa na mbwa. Nimeliwaza hilo. Nimeliwaza sana. Ila aliponiona nafungua mlango leo, hakuutingisha mkia kama alivyoutingisha juu ya lile kochi.

Jumapili, 17 Septemba

Naandikia jikoni kwa Mzee Alban. Yeye anasaga kahawa kwa mkono, hataki mashine. Zenzi yuko sebuleni juu ya kochi, anakoroma mpaka vikombe vinasikia. Nimekuja na blanketi lake, kipimo chake cha chakula na fomu ya udhamini.

Nilifikiri atafurahi. Kaisoma yote, kavua miwani, kaivaa tena. "Hapa pameandikwa wakati wote. Maana yake wakati wote?"

"Ndiyo, mzee."

"Nani mpumbavu aliyeandika hivi?"

"Mimi."

Tulicheka sana. Alishika meza. Halafu akaacha kucheka akaniuliza habari za dakeli sita, maana nilishamsimulia tulipoingia, mdomo wangu huu. Wanalala wapi sasa? Kwenye gereji ya Gudrun. Wawili hawajui nyasi? Hawajui. Akaisukuma fomu kwangu juu ya meza, taratibu.

"Usitie saini, mama. Kule ni sita. Mimi ni mzee mmoja."

  Amerudi kwenye kahawa yake, anasaga, mgongo kwangu, na mabega yake yako chini.

Nilikuja hapa najua kila kitu. Bado najua! Kesho Gudrun anampeleka Regensburg, na kuna vidato tisa, na ule mguu wa kushoto. Hilo siwezi. Lakini na wale wawili ambao hawajui nyasi —

Zenzi ameamka. Nimemsikia akishuka kwenye kochi, bila kuruka, makucha kwenye mbao, tik tik tik. Kaja mpaka mlango wa jikoni. Katutazama wote wawili, mmoja mmoja. Kaenda kulala juu ya miguu ya mzee, juu ya slipa zake.

Juu ya slipa zake, kama Purzel.

Nimechukua kalamu yake ya wino. Nimeandika Roswitha. Simu inaita mfukoni, ni Gudrun, atakuwa anauliza kuhusu wale sita. Mzee hajageuka, lakini ameacha kusaga. Wino wake unachelewa kukauka. Jina la ukoo bado sijaandika, na simu inaita tena, nami sijaamua niipokee au nimalizie.